Meza Tatu za Nour

Asubuhi ile soko la samaki la Rumonge lilikuwa limechafuka kwa watu. Mitumbwi ilikuwa imeingia yote kwa mpigo, samaki aina ya mukeke wamejaa mpaka wanamwagika, na wanawake wanakanyagana miguu wakigombea ndoo. Shadia hakugombea na mtu. Alikuwa na wavuvi wake, na wavuvi wake walikuwa wanamwogopa. Alijifunga kitenge cha njano chenye ndege wa bluu, ushungi mweusi kausukumia nyuma ya masikio, mikono imejaa magamba mpaka kwenye viwiko, anapanga samaki wake juu ya turubai, vichwa vyote upande mmoja.

Ndipo akainua macho, akaona mwanamume mwenye shati jeupe. Shati jeupe, mwenzangu, katika soko la samaki! Tena limepigwa pasi mpaka mikono ina mstari. Chini kavaa buti za mpira. Kachuchumaa mbele ya turubai, kamwinua mukeke mmoja, kamfunua shavu kwa kidole, na anamnusa kwa macho yaliyofumba.

"Wewe kaka," Shadia akasema, "unanunua ao unabusu?"

Eliana, muuza ndagala, wale dagaa wetu wadogo, wa meza ya pili na rafiki yake tangu shuleni, alicheka mpaka akashika mbavu.

Yule mwanamume wala hakutahayari. Alimrudisha samaki mahali pake taratibu. "Kwanza nabusu, kisha nanunua. Hapa Rumonge munafanyaje?"

"Hapa tunalipa."

"Nitalipa. Nataka wote wenye macho mazuri." Akamtazama. "Na wewe nikuhesabu?"

"Eh! Shadia, leo umepatikana!" Eliana akapiga kofi.

Shadia alitaka kumjibu, na jibu alikuwa nalo tayari, mara telefone ya yule mtu ikalia mfukoni. Akaipokea akiwa bado amechuchumaa, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Halo, mwalimu! Ndiyo, mimi Nour. Munakwenda wangapi? Wawili. Na huyo dada, vyakula vibichi anaviogopa? Pilipili je? Sasa niambie mufuko iko namna gani. Usinifiche, mimi si baba mukwe wako. Haya. Basi hotelini usimpeleke, utakaa unatoka jasho kila wakileta sahani. Nenda Bwiza kwa Yonasi, mukule supu ya tambi, mwambie nimekutuma mimi. Atakupenda, utaona. Amahoro."

Akaweka telefone. Soko zima la upande ule lilikuwa linamsikiliza.

"Wewe ni daktari?" Shadia akauliza.

"Mimi? Sha, mimi muuza samaki tu kama wewe."

Ilikuwa kweli, ingawa si yote. Siku hizo Bujumbura kulikuwa na mikahawa mitatu ya chakula cha Kijapani, na Nour ndiye aliyeipelekea yote mitatu samaki wa ziwa. Mmoja ulikuwa hotelini, ufukweni, vioo kila upande, vitambaa vyeupe mezani. Huko samaki wa kuliwa wabichi waliletwa kwa ndege kutoka baharini wakiwa wameganda, na mukeke wa kwetu alichomwa tu kwa soya. Mwingine ulikuwa Rohero, wa bei ya katikati, mpishi anakukaangia mbele ya macho yako juu ya bamba la chuma. Wa tatu ulikuwa Bwiza, viti vya plastiki, kwa Yonasi, Mrundi aliyejifunza kupika supu ya tambi alipokuwa mpishi wa mainjinia wa Kijapani. Nour mwenyewe alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika jiko la Kijapani kule Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu yeyote wa Bujumbura aliyetaka kujaribu chakula hicho na kuogopa kuaibika, alimpigia yeye. Nour anamuuliza hiki na kile, kisha anampangia pa kwenda.

Siku hiyo alinunua turubai zima. Alipoondoka, Shadia aligundua kwamba hakukumbuka hata kumpandishia bei.

*

Baada ya hapo Nour akawa anakuja Rumonge mwenyewe, wakati zamani alikuwa akimtuma shofa. Na siku asiyokuja, anapiga simu.

"Cheri, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Nour, wewe kila siku unaniuliza chakula. Wanaume wengine wanauliza kama nimewakumbuka."

"Mutu akikula vizuri anakumbuka vizuri. Umenikumbuka?"

"Ndagala zilikuwa na chumvi nyingi. Sikukumbuka kitu."

Na Nour anacheka, kicheko kile chake cha chini kinachoanzia tumboni, na Shadia anaikandamiza simu sikioni asije Eliana akakisikia. Haikusaidia. Eliana alikuwa akisikia kila kitu, na asichokisikia anakibuni.

Siku moja Shadia alikwenda Bujumbura kununua vitenge, na Nour akasema leo ni leo, atampeleka mahali panapomfaa. Akamwambia asiseme anapenda nini, atajua mwenyewe. Akampeleka Rohero. Shadia alikuwa amevaa gauni la kijani lenye mikono mipana na ushungi wa rangi ya maziwa, na alipomwona mpishi akirusha yai hewani na kulidaka kwa kofia alipiga ukelele mpaka meza ya jirani wakageuka.

"Nimekosea?" Nour akauliza.

"Hukukosea. Umejuaje?"

"Wewe unapenda kuona kazi ya mutu. Hutaki kitu kilichofichwa jikoni."

Kweli tupu. Shadia alishika vile vijiti vyao, vikamshinda, chakula kikamwangukia pajani. Nour akamfundisha kwa kumshika vidole, na hakuviacha upesi. Kitu kimoja tu kilimshangaza Shadia. Kila baada ya dakika chache Nour aliinuka. Mara anakwenda kumwambia mpishi apunguze chumvi, mara kuagiza maji, mara kuuliza wageni wa meza nyingine kama wamependa. Sahani yake ilipoa pale pale.

"Kaa basi, baba," Shadia alimwambia.

"Nakuja, nakuja. Wewe kula, mupenzi."

Naye Shadia akala, maana kilikuwa kitamu, na mapenzi yakiwa mapya mtu haoni kitu kidogo kama hicho.

*

Haukupita muda mrefu Nour akapeleka posa. Shadia alilelewa na shangazi yake Asiya, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Shangazi Asiya alikuwa mwanamke wa mawese. Mapipa yake yalijulikana kutoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, na alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya upole inayotisha kuliko ya mtu anayefoka. Alikuwapo pia Baba mudogo Hadji, ambaye hakuwa na pipa wala kopo, ila alikuwa na kanzu nzuri na maneno mengi. Kwa heshima, posa ilipelekwa kwa Hadji. Lakini jibu lilikuwa kwa Shangazi, na hata paka wa nyumba ile alijua.

Sasa, katika ukoo wao Shadia kuna jambo lao. Wakubwa wa msichana hawatoi jibu kabla ya kula na anayetaka kuoa. Wanakwenda kwake, wanakaa naye chini, sinia moja, mikono inakutana kwenye wali. Wakishiba pamoja naye, jibu linatoka hapo hapo, hata mikono hawajanawa. Nour alikuwa amepanga chumba Buyenzi, hana mama wala dada wa kumpikia, kwa hiyo akasema atawakaribisha mkahawani. Shangazi akakubali. Akasema tu, "Sawa. Kula ni kula."

"Cheri, niambie habari zao," Nour akaomba kwenye simu. "Kila mutu anapenda nini?"

Shadia akamwambia. Baba mudogo Hadji anapenda mahali pa watu wakubwa. Binamu zake wasichana wanapenda kuchekeshwa. Shangazi ana dini sana, hawezi kukaa penye pombe, anapenda supu, na vibichi hawezi hata kuvitazama. Yote hayo aliyasema kwa haraka, anapima ndagala. Habari ya sinia hakuitaja. Mwislamu gani wa Buyenzi asiyejua sinia?

Siku ilipofika, gari tatu zilikuja Rumonge kuwachukua. Tatu! Majirani walitoka nje kuangalia. Shadia alijisikia malkia. Zilipoingia Bujumbura, gari moja ikakata kwenda ufukweni, moja ikapanda Rohero, na moja ikashika njia ya Bwiza, na Shadia, aliyekuwa katika ile ya Rohero na binamu zake, akafikiri labda madereva wamepotezana.

Hawakupotezana. Nour alikuwa amewapanga. Hadji na wazee wawili wa msikitini hotelini, kwenye vioo. Wasichana Rohero, kwenye mayai yanayoruka. Shangazi Asiya na mke wa Hadji Bwiza, kwa Yonasi. Na yeye Nour, shati jeupe limeloa mgongoni, alishinda barabarani. Hapa anaonja mchuzi, kule anauliza kama wameridhika, pale anaongeza chai, na kote anasema nakuja, nakuja.

Hata mtu mmoja hakulala njaa. Ndivyo msiba ulivyoanza.

*

Jioni, jua bado halijazama, walikaa uani Rumonge. Hadji alikuwa bado anaelea kwa furaha. "Glasi, dada, vioo kutoka chini mpaka juu! Unakula unaona ziwa. Mutu anakuvutia kiti ukae. Kiti kizito, cha ngozi! Wananipa samaki mbichi mwekundu, mwembamba kama karatasi. Weye, pale iko bei, si mchezo."

"Mimi nilikaa kiti cha plastiki," Shangazi akasema.

"Supu ilikuwa nzuri?" Shadia akauliza.

"Nzuri sana. Nimekula vizuri." Shangazi alikunja upindo wa kitenge chake, akaukunjua. "Nimekula peke yangu na wifi yangu. Hadji, wewe ulikula na huyo kijana?"

"Alikuja, akasimama, akasema karibuni, akaenda."

"Shadia, wewe ulikula naye?"

Shadia alitikisa kichwa.

"Basi hakuna mutu wa nyumba hii aliyekula naye. Ametugawa kama samaki sokoni, wa hoteli huku, wa Bwiza kule. Na mimi, mama aliyemlea huyu mutoto, nikawa wa Bwiza." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Watu wa Ayubu wa Nyanza-Lac wanakuja Ijumaa baada ya swala. Wameuliza mara mbili. Nitawajibu wao."

Ayubu alikuwa mfanyabiashara wa mawese aliyefiwa na mkewe, mtu mzuri, mtaratibu, ana nyumba ya matofali, na Shadia hakumtaka hata kwa dawa.

Alikimbilia chumbani, akapiga simu.

"Halo, cheri wangu," Nour akaitika, sauti imechoka na ina furaha. "Wamefika salama? Wamependa?"

"Nour, umefanya nini?"

"Nini tena?"

"Umegawa watu wangu! Baba mudogo kwenye glasi, Shangazi kwenye plastiki!"

"Shadia, nilimpeleka Bwiza kwa sababu yake! Kwa Yonasi hakuna pombe, hakuna nguruwe, nyama inatoka Buyenzi, ya halali. Na supu ile iko bora kuliko ya hoteli, na wewe mwenyewe ulisema anapenda supu!"

"Atajuaje yote hayo? Yeye ameona kiti, kisha amesikia Baba mudogo anasifu ngozi."

"Sasa nilitakiwa nimpeleke penye bia ndiyo nimemuheshimu?"

"Ulitakiwa ukae! Ukule naye! Hukukaa na mutu hata mumoja, Nour. Ulikuwa unazunguka kama unatuuzia."

Mtu akiwa amechoka hivyo na amejitahidi hivyo, ulimi hauchagui. "Basi shangazi yako hataki chakula," Nour akasema. "Anataka bei."

Shadia akakata simu. Akaitupa telefone kitandani, na ilipolia tena hakuishika.

*

Nour hakuja sokoni. Alimtuma shofa, kama zamani, na shofa akachukua mukeke bila kuwanusa.

"Mwache," Eliana akamwambia. "Mwanaume anayemtukana shangazi yako kabla ya harusi, baada ya harusi atasemaje?"

"Hakumtukana. Alichoka."

"Eh! Kumbe bado uko naye."

"Niko naye, Eliana. Ndiyo shida yangu yote." Na machozi yakamtoka hapo hapo mbele ya wateja, akayapangusa kwa kiwiko maana viganja vilikuwa vichafu.

Eliana aliacha utani. Alimvutia ndoo iliyogeuzwa, wakakaa, wakala mhogo wa kuchoma kwenye karatasi moja. Eliana alimega, Shadia akamega, pilipili katikati. Na Shadia akiwa anatafuna, sijui ni nini, akamwona moyoni Nour wa siku ile ya Rohero na sahani yake iliyopoa. Kisha akakumbuka kwamba kila alipokuja sokoni na kupewa ndizi au maandazi, alikula amesimama, anaangalia huku na huku. Miezi yote hiyo alikuwa anamwangalia mtu ambaye hajui kukaa penye chakula, na yeye anamcheka tu.

Alipiga simu akiwa bado na mhogo mdomoni.

"Shadia?" Nour aliitika kabla haijalia mara ya pili. "Shadia, lile neno nilisema..."

"Tutalifikia hilo. Kwanza nijibu. Mara ya mwisho umekula na watu sinia moja ilikuwa lini?"

Shadia alisikia pikipiki zikipita upande wa Nour.

"Mama alipokuwa hai," akasema. "Nilikuwa mudogo. Baadaye nikawa jikoni kwa watu. Jikoni mutu anakula amesimama, wageni wakiisha kwenda. Ukikaa, wanakufukuza." Akakohoa. "Mimi nilitaka kila mumoja wenu apate kitu chake, Shadia. Nilifikiri hiyo ndiyo heshima. Sijui nyingine."

Hasira ya Shadia ikamwisha mwilini, akabaki na mapenzi matupu, na mapenzi yalimuuma kuliko hasira.

"Kesho wakati wa chakula cha mchana njoo nyumbani," akamwambia.

"Shangazi atanifukuza."

"Mutu akipiga hodi watu wanakula hafukuzwi. Shangazi anaweza yote, hilo hawezi. Utaambiwa na nani karibu kama si yeye?"

"Nilete nini? Niseme Yonasi atengeneze..."

"Nour! Usilete kitu. Usipike, usiagize, usionje. Lete njaa yako."

*

Kesho yake Shangazi Asiya alikuwa amevaa kitenge cha zambarau na kilemba chake, kashika birika, anawamiminia watu maji ya kunawa. Mkeka ulikuwa umetandikwa kibarazani. Sinia lilikuwa limejaa wali, juu yake mukeke wakubwa wa mawese na vitunguu, pembeni mboga za lengalenga na pilipili iliyotwangwa. Hadji alikuwa ameshavua kofia. Mkewe alikuwa anasema bismillahi.

"Hodi hapa! Asalaam alaykum."

Mkono wa Hadji ulisimama hewani. Nour alikuwa mlangoni, shati jeupe, viatu ameshavivua, mikono mitupu. Shadia alitazama chini, maana kama angemtazama yeye, Shangazi angejua yote. Shangazi alijua yote hata hivyo.

Aliliweka birika chini, akalisogeza, akalisogeza tena. Lakini watu walikuwa wanakula, na hodi ilikuwa imepigwa.

"Waalaykum salaam," Shangazi akasema. "Karibu chakula." Alivyolisema neno hilo, ungefikiri limetolewa kwa koleo.

Nour alinawa, akakaa. Akakunja miguu vibaya, akaikunja tena. Hadji alianza, mkewe akafuata, Shadia akafuata. Nour alitia mkono wake upande wake wa sinia. Shangazi Asiya peke yake hakutia. Alikaa na mkono uliolowa juu ya goti, anamtazama, na kila mtu pale alijua maana yake. Asipokula, hakuna kilichoanza, na Ijumaa ilikuwa kesho.

Shadia aliona Nour anataka kuinuka. Aliona goti lake linavyoruka, macho yake yanavyotafuta birika, chumvi, chochote cha kumpa kazi. Akamwombea moyoni. Kaa, baba. Kaa tu. Nour akakaa.

"Shangazi," akasema, "niliwakosea. Nilisema neno baya pia, ninyi hamukulisikia lakini Shadia amelisikia, na ninaliombea msamaha. Ninyi mulikuja kula na mimi, na mimi nikawaachia watu wengine wawalishe, nikakimbia."

"Niambie kitu," Shangazi akajibu. "Wewe wanakusifu unajua kila mutu anafaa kupelekwa wapi. Leo ukiambiwa unipeleke tena, utanipeleka wapi?"

Hadji aliacha kutafuna. Shadia alifahamu kwamba ni mtego, na hakujua upande gani una shimo. Akisema hoteli, ananunua jibu. Akisema Bwiza, amerudia kosa.

"Sijui," Nour akasema. "Wewe unataka kwenda wapi?"

Shangazi Asiya hakuwa amelitegemea swali hilo. Kisha, mwenzangu, uso wake ukaanza kulegea kutoka machoni kushuka chini.

"Nataka huko kwenye vioo," akasema.

"Shangazi!" Shadia alishindwa kujizuia. "Kule iko pombe! Na wewe vibichi..."

"Nani alisema mimi siwezi vibichi?"

Macho yote yakamgeukia Shadia.

"Mimi," Shadia akasema kwa sauti ndogo. "Nilifikiri..."

"Ulifikiri. Miaka yangu yote nimekaa kwenye ziwa hili, nimeuza samaki kabla ya kuuza mawese, sikuwahi kuonja hata kipande kibichi. Nimesikia huko wanakula, nikasema afadhali, nitaonja kabla sijafa. Nikavaa kitenge changu kipya! Halafu wananipa supu. Supu ninayo hapa nyumbani, Shadia, nakunywa kila siku kwa sababu ndiyo unayonipikia!"

Mke wa Hadji ndiye aliyeanza kucheka. Akamwambukiza Hadji, wali ukampalia, akapigwa mgongo. Nour alikuwa anajikaza mpaka machozi yanamlengalenga, na Shadia akajifunika uso kwa ushungi, anacheka, anaona haya, hajui lipi linazidi.

"Tutakwenda," Nour akasema alipopata pumzi. "Nitaomba ile meza ya nje, mbali na chupa. Gari moja, meza moja. Na mimi nitakaa."

"Utakaa, na utakula hicho kibichi mbele yangu kwanza. Nikiona umeanguka, sigusi."

Ndipo Shangazi Asiya alipotia mkono kwenye sinia. Alimega mukeke mnono sehemu ya tumbo, ile isiyo na mifupa, ambayo Hadji alikuwa ameshaipigia macho muda mrefu, akaisukuma mpaka upande wa Nour.

"Kula, mutoto wangu."

Nour aliinama akala.

"Watu wa Nyanza-Lac nitawapigia mwenyewe," Shangazi akaendelea, kana kwamba anazungumzia mapipa. "Ayubu ni mutu mwema, haifai asafiri bure. Sasa wewe Nour. Mimi umeniuliza, nimekujibu. Huyu umemuuliza?"

"Si nimeleta posa, Shangazi?"

"Posa umemletea Hadji. Nakuuliza huyu. Ao na yeye umemkisia?"

Nour alimgeukia Shadia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa wali na mawese, hakuwa na pa kuuweka, akauacha hewani. Kwa mara ya kwanza tangu Shadia amjue, hakuwa na haraka ya kwenda popote.

"Shadia," akasema, "unataka nini?"

Shadia, ambaye sokoni hakuwahi kukosa jibu, kwanza alimtazama Shangazi, akamtazama Hadji aliyekuwa ameshamaliza kipande kingine katika zogo lile. Kisha akaona hakuna sababu ya kuwatazama wao.

"Nakutaka wewe," akasema. "Nataka unioe, hapa Rumonge, wala usinisubirishe. Na nataka kila siku ukae tukule pamoja, hata kama ni ndagala."

"Hata zenye chumvi nyingi?"

"Nour!"

"Nimekubali," Nour akasema. "Wallahi nimekubali."

"Nani kamuuliza yeye?" Hadji akasema, na kibaraza kizima kikacheka tena.

Shangazi Asiya akasema mbona wanaongea tu, chakula kinapoa. Wote wakasogea karibu, na Shadia akajibana pale kati ya shangazi yake na Nour, wakala mpaka sinia likabaki jeupe.